Mwandishi wa Kiswahili ana watahiniwa, wasomaji je?

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza rafiki yangu mmoja hadi shule ya upili huko Machakos. Rafiki huyu ni mwandishi, na hadithi yake fupi ilikuwa mojawapo ya zile zilizokusanywa katika diwani iliyokuwa ikitahiniwa wakati huo. Jina lake nitalihifadhi kwa sababu hajanipa ruhusa ya kumwanika gazetini. Tulikuta ukumbi umefurika. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne walikuwa wamebanana kwenye mabenchi kama abiria wa matatu ya jioni, kila mmoja na daftari na kalamu, nao walimu wao wamesimama kando ya madirisha. Nikajiambia, mwandishi gani asiyeota kupokewa hivi?

Kisha maswali yakaanza. Msichana wa kwanza alitaka kujua dondoo la mtihani laweza kutoka ukurasa gani. Mvulana aliyefuata akauliza maudhui ya hadithi ile ni mangapi hasa, kwa kuwa mwongozo wao ulitaja saba ilhali ule wa shule jirani ulikuwa na tisa. Rafiki yangu alijikuna kichwa, akasema, "Sijawahi kuyahesabu." Wanafunzi wakaangua kicheko. Mwalimu wa somo hakucheka.

Kikao kilipokwisha walijipanga foleni ili awatilie sahihi. Nilikuwa nimesimama ubavuni pake, kwa hivyo niliona yote. Wengi wao hawakuwa na diwani. Walikuwa na mwongozo. Walimfungulia ukurasa wa kwanza wa kitabu kilichoandikwa na mtu mwingine, naye akawa anatia sahihi tu, moja baada ya nyingine, akiwatakia heri katika mtihani. Hakusema neno garini hadi tulipofika Mlolongo. "Bwana, umeona?" akaniambia. "Leo nimetia sahihi kitabu ambacho sikukiandika, nikampa mtu ambaye hajanisoma."

Maneno hayo yamenikaa moyoni tangu siku hiyo. Nimeyakumbuka tena wiki hii baada ya kupokea, katika simu yangu, matangazo manne ya vitabu vipya vya Kiswahili. Yote manne yalifanana: picha ya jalada, bei, nambari ya M-Pesa, na maneno "jipatie nakala yako". Hakuna hata moja lililonionjesha sentensi ya kitabu chenyewe. Basi swali ninalotaka tulijadili leo, msomaji wangu, ni hili: mwandishi wa Kiswahili nchini Kenya humfikiaje msomaji? Simaanishi mtahiniwa. Namaanisha mtu mzima aliyemaliza shule, mwenye nusu saa yake kabla ya kulala, ambaye hakuna atakayemwuliza maudhui ni mangapi.

Jibu langu, na najua litawaudhi baadhi ya marafiki, ni kwamba hatujamtafuta kwa dhati. Kazi hiyo tumeiachia KICD. Mwandishi humaliza mswada, akaupeleka kwa mchapishaji, na swali la kwanza analoulizwa ni kama kitabu kinafaa gredi fulani au kidato fulani. Akijibu kwamba ameandika tu, kwa ajili ya mtu yeyote anayejua kusoma, hutazamwa kana kwamba ameleta samaki katika soko la mitumba.

Simlaumu mchapishaji peke yake. Naye anaishi kwa vitabu vya kiada. Tangu 2018 serikali imekuwa ikinunua vitabu hivyo moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvisambaza shuleni, na wenye maduka, hasa wa miji midogo, wakapoteza biashara waliyoitegemea kulipa kodi. Duka la vitabu likifungwa mjini Mwingi au Webuye, linafungwa pamoja na ile rafu moja ya riwaya iliyokuwa imejificha nyuma ya vitabu vya hisabati. Ongeza ushuru wa asilimia 16 ambao vitabu vimetozwa tangu sheria ya VAT ya 2013. Afisa wa mauzo wa kampuni ya uchapishaji ana gari na ana ratiba, ila ratiba yenyewe ni ya shule. Nyumbani kwako hafiki, na hata angefika angekuletea kitabu cha mazoezi ya sarufi.

Kwa hivyo mwandishi huketi chini ya mwembe, akangoja embe lidondoke. Likidondoka, yaani kitabu kikiteuliwa, maelfu kwa maelfu ya nakala hununuliwa kwa miaka kadhaa, na mrabaha wake wa asilimia 10 au 15 unampa angalau ada ya shule ya watoto. Lisipodondoka, kitabu kinakufa kimya ghalani. Na hata likidondoka, mtihani ukishafanywa, wanafunzi huuza nakala zao kwa vijana wa kidato cha nyuma au kwa wachuuzi wa vitabu vikuukuu, na wengi hawagusi tena riwaya ya Kiswahili hadi mwana wao mwenyewe afike Kidato cha Tatu. Kumbe hata mwembe wenyewe unakaribia kukatwa. Mfumo wa 8-4-4 unafunga virago, na watahiniwa wake wa mwisho wa KCSE wataufanya mtihani huo 2027. Utaratibu mpya wa kufunza fasihi katika shule za upili utakuja na vitabu vyake na desturi zake. Mwandishi aliyezoea kuegemea ukuta huu afadhali ajaribu kusimama kwa miguu yake.

Mimi mwenyewe si msafi. Nilipochapisha mkusanyiko wangu wa hadithi fupi, niliandaa uzinduzi katika ukumbi wa hoteli jijini Nairobi. Mgeni wa heshima alichelewa kwa saa mbili, akazungumza kuhusu Kiswahili kama lugha ya umoja wa taifa, kisha akaondoka kwenda mazishini. Maprofesa wawili walinisifu. Kulikuwa na keki yenye umbo la kitabu, na ndiyo iliyosomwa zaidi siku hiyo, maana jina la kitabu lilikuwa limeandikwa juu yake kwa krimu. Hakuna aliyesoma ukurasa hata mmoja wa hadithi zangu. Si mgeni wa heshima, si maprofesa, si mimi. Halikutujia hata wazo hilo.

Kisha mfawidhi wa sherehe akatangaza, "Sasa tumuunge mkono ndugu yetu." Bwana mmoja akanyanyua mkono, akanunua nakala kumi kwa shilingi elfu kumi. Makofi, vigelegele, picha. Kesho yake asubuhi mhudumu wa hoteli alinipigia simu. "Mzee, umesahau vitabu vyako chini ya kiti." Nikamwuliza vingapi. "Kumi."

Hii ndiyo desturi ninayoiona kuwa hatari kuliko hata mwongozo. Tumeuingiza uandishi katika utaratibu wa harambee. Mtu ananunua kitabu jinsi anavyotoa mchango wa matanga au wa ada ya hospitali, na akishatoa, deni lake kwako limekwisha. Hana sababu ya kukifungua. Ukimwuliza baadaye, anasema, "Nilikuunga mkono," na kwa hakika alikuunga. Sasa utamdai nini tena? Mwandishi naye anajidanganya kwamba nakala mia mbili zimetoka, hivyo ana wasomaji mia mbili. Aliyenunua kwa huruma hatamwambia jirani yake, "Ebu soma hiki," kwa kuwa haujui utamu wake.

Wazee wetu hawakuwa na ukumbi wa hoteli. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki kama 1840, bila kuwa na diwani iliyochapishwa. Wahakiki wengi hukubaliana kwamba yeye ndiye aliyeutoa ushairi wetu msikitini na kuufikisha sokoni, maana alitunga kuhusu vita vya Wamvita na Wabusaidi, njaa, mapenzi, madeni na majirani. Miongo kadhaa baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipokuwa akimsaidia mmishonari W. E. Taylor kukusanya tungo hizo, mengi yalikuwa bado katika vinywa vya watu wa Mombasa. Hebu fikiria. Hakuna tangazo, hakuna jalada, na mtunzi mwenyewe yuko kaburini, lakini watu wanayabeba mashairi kichwani kwa zaidi ya kizazi kizima. Walipendezwa nayo kwa sababu waliyasikia, na kwa sababu yalikuwa yakiwajibu. Ushairi wa Muyaka ulikuwa wa kujibizana. Mtu alirusha fumbo, mwingine akalifumbua.

Desturi hiyo ilihamia magazetini. Mambo Leo, jarida la serikali ya kikoloni la Tanganyika lililoanza 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji, na Shaaban Robert ni mmoja wa waliojitambulisha kwa umma kupitia kurasa zake. Hata leo, katika kurasa za mashairi za magazeti ya Kiswahili, malenga wa Kwale huuliza swali kwa beti nane, na baada ya wiki mbili malenga wa Kakamega humjibu kwa beti kumi. Nawajua watu wanaonunua gazeti kwa ajili ya ukurasa huo pekee. Hawa ni wasomaji. Hawajalazimishwa na yeyote.

Mtu atasema, shairi ni fupi, laweza kukaririwa, riwaya je? Hapo huwa namkumbuka marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o na Caitaani Mũtharaba-inĩ, riwaya ya Kikuyu aliyoiandika katika jela ya Kamĩtĩ, 1978, kwenye karatasi za chooni. Ilichapishwa 1980 na Henry Chakava wa Heinemann, ambaye alijitwika hatari ya kifedha na ya kisiasa kwa wakati mmoja. Toleo la kwanza la nakala 5,000 liliisha upesi, ikabidi kichapishwe tena na tena mwaka huohuo. Jambo linalonivutia zaidi, hata hivyo, si idadi ya nakala. Ni namna kitabu kilivyosomwa. Ngũgĩ mwenyewe amesimulia katika Decolonising the Mind kwamba familia zilikusanyika jioni na mmoja wao akawasomea wengine, wakiwemo wazee wasiojua kusoma. Wafanyakazi walisomeana wakati wa mapumziko ya mchana. Na kwenye baa alikuwako msomaji ambaye alisoma kwa sauti huku akinywa bia, na akifika mahali patamu kabisa, glasi yake nayo imekauka, anakiweka kitabu chini. Waliokuwa wakisikiliza wangempigia kelele mwenye baa amwongezee chupa kwa hesabu yao ili kisa kiendelee.

Nimeirejelea picha hiyo mara nyingi darasani, na kila mara mwanafunzi mmoja hunikatiza. "Lakini mwalimu, Ngũgĩ alikuwa tayari na jina. Alikuwa ametoka kizuizini." Ni kweli, na sikatai. Jina lake lilifungua mlango. Ila jina haliwezi kumfanya mlevi anunulie mtu mwingine bia ili asikie ukurasa unaofuata. Kilichofanya hivyo ni lugha ambayo kila aliyekuwa pale aliielewa bila kutafsiriwa, na kisa kilichoandikwa kwa mwendo wa msimulizi, chenye nyimbo, mafumbo na mashindano ya wezi ambayo mtu angeweza kuyaigiza papo hapo. Kitabu kiliandikwa kiasi kwamba kinasomeka kwa sauti. Jaribu kusoma kwa sauti baadhi ya riwaya zetu za miaka ya hivi karibuni, zile zenye sentensi ya mistari tisa na msamiati uliochimbuliwa makusudi ili mtahini apate la kuuliza. Pumzi itakuishia kabla ya kituo. Hapo ndipo naona suala la kutangaza kitabu na suala la mtindo linakutana, ingawa tunazoea kuyatenga, moja tukimpa afisa wa mauzo na jingine tukimpa mhakiki.

David Maillu aliliona hilo mapema kuliko wasomi waliomcheka. Miaka ya sabini alianzisha kampuni yake, Comb Books, akatafiti kwanza watu wa kawaida wa mjini walitaka kusoma nini, kisha akawaandikia na kuwauzia vitabu vidogo vya bei nafuu, kama vile My Dear Bottle na After 4.30, vilivyopatikana hata mahali ambapo riwaya hazikuzoeleka kuuzwa. Aliandika kwa Kiingereza chepesi, kuhusu pombe na mabosi na makatibu wao. Vyuo vikuu vilimwita mwandishi wa takataka. Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vya Comb mwaka wa 1976, na kampuni yenyewe haikudumu. Binafsi sidhani kila alichoandika wakati huo kitaishi. Hata hivyo, karani wa Nairobi alimsoma akiwa ndani ya basi, kwa hiari yake na kwa pesa zake, na hilo ni jambo ambalo wengi wetu tuliotunukiwa vyeti hatujalipata.

Kwa upande wa Kiswahili, majirani zetu Watanzania wametuacha mbali. Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba, kuanzia Kufa na Kupona ya 1974, na Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, walikuwa na wasomaji waliongoja kitabu kifuatacho kama wanavyongoja mechi. Baadaye Eric Shigongo akaandika hadithi za mfululizo katika magazeti ya burudani, na watu wakanunua gazeti ili wajue kilichompata fulani. Sisi Wakenya tuliviita vitabu vya aina hiyo fasihi pendwa, kwa sauti ya mtu anayefunika pua. Sijui kwa nini kupendwa kuwe kasoro.

Kwetu, aliyekaribia kuziba pengo hilo ni Ken Walibora. Siku Njema ilitoka 1996, na nadhani siri yake moja ni kwamba Kongowea Mswahili hutembea katika nchi tunayoijua, kutoka Tanga hadi upande wa Kitale, hivi kwamba msomaji hukutana na mji wake kitabuni. Lakini Walibora pia hakujificha. Watu walimsikia akisoma habari KBC na NTV, walimsoma katika safu yake ya kila wiki katika Taifa Leo, walijibizana naye, alikosea akasahihishwa, naye akawasahihisha. Alipofariki Aprili 2020, rambirambi nyingi nilizozisoma mtandaoni hazikuwa za walimu. Ziliandikwa na mafundi, wauguzi, wanajeshi, watu waliomaliza shule zamani, na wengi walimtaja Kongowea kana kwamba ni binamu yao. Ni kweli kwamba mtihani ulimsaidia, hasa kwa Kidagaa Kimemwozea. Ila mtihani hautoshi kueleza mapenzi yale, maana vitabu vingine vingi vilitahiniwa na hakuna anayekumbuka wahusika wake.

Sasa kila mwandishi ana jukwaa mfukoni. Simu hii ingemfurahisha Muyaka. Na tunaifanyia nini? Tunabandika jalada. Wiki inayofuata tunabandika jalada lilelile likiwa limeshikwa na mwanasiasa. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, tunalibandika tena na kuwahimiza watu kukienzi Kiswahili, kana kwamba kununua kitabu chetu ni zoezi la uzalendo. Msomaji hajawahi kusikia tunavyoandika. Muuza machungwa wa Marikiti hukukatia kipande uonje kwanza. Sisi tunamwonyesha mteja picha ya gunia.

Wapo wanaohofia wizi, na hofu hiyo si ya bure. Katika kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la mwanangu nimetumiwa nakala laini za riwaya tatu nzima, na aliyezituma alimalizia kwa "Mungu awabariki". Aliona amefanya hisani. Wapo pia wanaojichapishia kwa haraka bila mhariri, wakamfukuza msomaji kwa makosa ya tahajia kabla ya ukurasa wa kumi. Hao sina la kuwaambia zaidi ya kwamba mhariri hulipwa kabla ya mchoraji wa jalada.

Nirudi kwa rafiki yangu wa Machakos. Baada ya siku ile hakuzungumza tena kuhusu vitabu teule. Aliandika riwaya, akakataliwa na wachapishaji wawili kwa kuwa haikulenga kidato chochote, akakaa kimya kwa muda. Kisha Alhamisi moja, saa mbili usiku, nikapokea sauti yake kwenye simu. Dakika kumi na mbili. Alikuwa amesoma sura ya kwanza akiwa ndani ya gari lake lililoegeshwa, maana nyumbani kuna watoto, na ukisikiliza vizuri unasikia mvua ikipiga paa. Kundini tulikuwa watu arobaini hivi: ndugu zake, walimu wenzake, vijana wawili wa bodaboda wa mtaani kwao, na muuguzi mmoja wa zamu ya usiku. Alhamisi iliyofuata akatuma sura ya pili. Hakutuomba tununue chochote.

Mimi nilisikiliza kama mhakiki. Wenzangu walisikiliza kama watu. Katika sura ya nne mhusika mmoja anafikishwa hospitalini usiku akiwa hajitambui, na muuguzi yule akaandika mara moja: "Mwalimu, mgonjwa kama huyo hapelekwi wodini moja kwa moja. Kaandike upya." Akaandika upya. Kijana wa bodaboda akamwambia kwamba barabara aliyoitaja haipitiki wakati wa mvua, akabadilisha njia. Watu walianza kuwaongeza jamaa zao kundini bila kuombwa. Sura mbili za mwisho hakuzituma. Alichapisha nakala mia tano, akaweka sura hizo kitabuni tu, na anayetaka anatuma pesa kwa M-Pesa, kifurushi kinapakiwa kwenye matatu, unakichukua kituoni. Nilipomwambia huo ni ujanja, alicheka, akasema, "Yule wa baa alikuwa akiweka kitabu chini glasi ikikauka. Mimi yangu imekauka miaka mingi."

Nakala zimekwisha. Walionunua ni wale waliokwisha kuisikia karibu riwaya nzima, jambo ambalo lilinishangaza. Mmoja wao, mama wa makamo anayeuza nguo Gikomba, nilimwuliza kwa nini alipe pesa kwa kisa anachokijua. "Zile sura za mwisho ni zangu," akanijibu. "Zile za kwanza nataka kumsomea mama. Yeye hana simu ya aina hii."

Isionekane kwamba namsifu kwa kila kitu. Njia hii ina gharama yake, nami nimemwambia ana kwa ana. Tangu aanze kuandika kwa ajili ya Alhamisi, kila sura yake huishia kwenye mlango unaobishwa au simu inayolia, na baada ya sura sita mtu unaanza kuzikinai simu hizo. Kuna sura mbili ambazo zimerefushwa bila sababu kwa kuwa wiki ile hakuwa amejua kisa kinakwenda wapi. La kuudhi zaidi, katika riwaya ya pili, ambayo anaituma sasa, kuna kijana ambaye kwa mantiki yote ya kisa anapaswa kufa. Msuko wote unaelekea huko tangu sura ya tatu. Wasikilizaji wamempenda kijana huyo, na wamemsihi mwandishi amwache hai. Muuguzi ametoa hadi ushauri wa matibabu.

Jumapili nilimpigia simu, nikamwambia kwamba akimwokoa kijana yule kwa sababu ya kelele za kundi, nitaandika katika safu hii kwamba ameiharibu riwaya yake. Alinyamaza kidogo. Nikamwuliza, kwa hiyo anakufa au hafi?

"Prof," akaniambia, "subiri Alhamisi kama wenzako."